Maziwe: Kisiwa Kilichotoweka Mrima wa Kaskazini

Mbele ya Pangani, kilomita 8 hivi kutoka bara, bahari inapokupwa hutokeza fungu la mchanga mweupe lisilo na mti hata mmoja. Maji yakijaa, na hasa nyakati za bamvua, fungu hilo humezwa lote. Apitaye juu yake na mashua haoni ila rangi ya maji iliyogeuka kutoka buluu kuwa kijani. Hapo ndipo Maziwe. Jina limebaki la kisiwa, kwa kuwa nusu karne iliyopita palikuwa kisiwa kweli: palikuwa na mivinje, vichaka vya kushika mchanga, na kivuli cha kumtosha mvuvi wa dago aliyetaka kupumzika kabla ya kurejea Pangani.

Palikuwa pia na kasa. Aina tatu walipanda kutaga katika mchanga wake, ng'amba wa gamba la thamani akiwa mmojawapo, na wataalamu wa viumbe wa bahari walipahesabu miongoni mwa mahali bora pa kutagia katika pwani yote ya Tanzania. Kwa sababu hiyo mwaka 1975 serikali ilikitangaza kisiwa hicho kuwa hifadhi ya bahari, mojawapo ya hifadhi za mwanzo za namna hiyo nchini. Kabla ya muongo huo kwisha, kisiwa chenyewe kilikuwa kimekwisha. Miti ya mwisho ilianguka, mchanga ukahama, na Maziwe ikabaki katika sheria na katika ramani.

Kilikufaje? Zipo kauli mbili. Ya kwanza hulilaumu shoka. Kisiwa cha mchanga kilichokaa juu ya mwamba wa matumbawe hakina mizizi yake chenyewe. Huazima mizizi ya miti. Miti ilipofyekwa, kusi liliukuta mchanga u uchi, likauchukua kidogo kidogo kila mwaka. Kauli ya pili huilaumu bahari. Kati ya mwaka 1901 na 2018 kina cha bahari za dunia kilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Kwa mlima hizo si kitu, bali kwa kisiwa kinachoinuka juu ya maji kwa kimo cha mtu au kasoro ya hapo, ni sehemu kubwa ya uhai wake. Kauli ya kwanza ina ushahidi wa macho, ya pili ina ushahidi wa vipimo, na kosa limekuwa kuzifanya mahasimu. Kisiwa chenye miti kingaliweza kustahimili bahari inayopanda polepole. Kisicho na miti hakikuwa na cha kushikia. Na tangazo la serikali, hata likiandikwa kwa wino mzuri, halioteshi mvinje.

Ramani hueleza kwa nini jambo hili si la Maziwe peke yake. Toka Somalia hadi Msumbiji, maji ya kina kifupi yaliyopakana na bara ni ukanda mwembamba sana, na matumbawe yamejipanga katika ukanda huo kama ua wa nyumba. Nje ya ua, bahari hushuka ghafula: mlango wa bahari ulio kati ya Tanga na Pemba una kina kinachozidi mita 800. Mkondo mkubwa hupanda kaskazini mwaka mzima, kusi likiuongezea kasi na kaskazi likiupunguza. Maji kupwa na maji kujaa hutofautiana kwa mita 3 na zaidi wakati wa bamvua. Basi uhai wote wa pwani, yaani samaki, mikoko, bandari, mashamba ya minazi na miji, umesongamana mahali pembamba, kati ya kina kisichofikiwa na nchi kavu isiyo na mvua ya kutosha.

Wageni waliujua wembamba huo kwa kupigwa nao. Mwezi Aprili mwaka 1498 moja ya merikebu za Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwamba mbele ya Mtangata, mji ambao magofu yake leo yanaitwa Tongoni, kusini ya Tanga. Maji yalipojaa ikaeleka. Aliporejea kutoka India mwanzoni mwa mwaka 1499, mabaharia wake wakiwa wamekufa kwa maradhi na waliosalia hawatoshi kuendesha merikebu tatu, ilichomwa moto karibu na hapo hapo ilipokwama. Tongoni penyewe pana mabaki ya msikiti na makaburi yapatayo 40, yote yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Nyumba za miji hii zilipauliwa kwa boriti za mikoko. Afadhali lisemwe wazi, kwani watu hupenda kusimulia kwamba wahenga hawakuugusa mwamba wala msitu: waliugusa, tena waliishi ndani yake. Tofauti ilikuwa ya kiasi. Tanuri chache za chokaa hazikuumaliza mwamba uliokuwa na karne nzima ya kujijenga upya.

Kiasi kilibadilika katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na vita vile Hemedi bin Abdallah el Buhriy akavihifadhi katika utenzi wake wa Wadachi kutamalaki Mrima. Yaliyofuata baada ya vita hayakupata utenzi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62, ikapandwa, na kutokana na hiyo likatokea zao lililoibadili sura ya nchi yote iliyo kati ya bahari na Usambara. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Misitu ya tambarare ilifyekwa kuwa mistari iliyonyooka, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Katika jani la mkonge, katani ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki, majimaji na makapi yenye asidi, zilioshwa kwa maji mengi na kuachwa zifuate mteremko, na mteremko wa nchi ile huishia mtoni na baharini. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuwa karani wa forodha, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, aliishi wakati ambao marobota ya katani yalipita gatini na mivinje ya Maziwe ilikuwa ingali imesimama.

Mto wenyewe nao ukafungwa. Pangani huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, na zamani ulileta mchanga na maji matamu hadi mlangoni. Lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu katika miaka ya 1960, kituo cha umeme cha Hale mwaka 1964, na maporomoko ya Pangani yakapata kituo kipya mwaka 1995, wakati mashamba ya juu yakizidi kunywa kwa mifereji. Umeme ni neema, wala hakuna wa Pangani anayetaka kurudi kwenye kibatari. Ila mto dhaifu hauwezi kuisukuma bahari. Maji ya chumvi yamepanda mtoni, minazi na mashamba ya kingoni yakaathirika, na mji wa Pangani ukalazimika kujengewa ukuta dhidi ya mawimbi.

Mtu wa Mabawa, ndani ya jiji la Tanga, aweza kudhani habari hizi ni za wavuvi. Bomba lake laeleza vingine. Maji anayokinga asili yake ni mvua ya misitu ya Amani, yanayoshuka kwa Mto Zigi na kukusanywa katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu walipomiminika Sakale, huko huko milimani, tope la mashimo yao lilikuwa linaelekea ndoo za mjini.

Baharini, baruti ilianza kusikika tangu miaka ya 1960. Sheria iliikataza mwaka 1970, na kwa zaidi ya miongo minne ikaendelea kusikika, Tanga ikipata sifa mbaya kuliko pwani zote jirani. Mshindo mmoja huua samaki wakubwa na watoto wao pamoja, wengi wakizama pasipo kuokotwa, na hugeuza matumbawe kuwa kokoto zisizoshika kitu. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga uliowashirikisha wanavijiji katika doria na kufunga baadhi ya miamba. Ukafaulu kwa kadiri yake, kisha baruti ikarudi. Ilipungua sana baada ya vyombo vya dola kuunganisha nguvu kuanzia mwaka 2015. Mvuvi wa baruti hana mtetezi, wala hastahili. Lakini yeye hukamatwa akiwa na chupa mkononi. Makapi ya mkonge yaliteremka kwa miaka mingi mchana kweupe, na hakuna aliyeyaita uhalifu. Joto la mwaka 1998 lililoyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi halina hata wa kukamatwa.

Kutoka katika bahari hii iliyochoshwa kulizuka ajabu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zaidi ya miaka milioni 65 hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa Tanzania mwaka 2003, na baadaye kwa wingi usiotarajiwa Kigombe na kandokando yake. Alinaswa katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ndani ya eneo hilo hilo, Mwambani, ukajadiliwa mpango wa bandari ya maji marefu. Na upande wa kaskazini, Chongoleani, Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo mafuta yake mazito sharti yapashwe moto njia nzima ndipo yatiririke.

Kasa hawajui habari za ramani. Hadi leo hupanda Maziwe na kutaga katika fungu lile, na yale mayai, yakiachwa, bamvua huyafisha. Kwa hiyo watu wa Ushongo huyafukua saa chache baada ya kutagwa, bila kuyageuza, huyavusha kwa mashua hadi bara na kuyafukia upya juu ya alama ya maji. Baada ya siku 55 au 60 watoto hutoka mchangani na kushuka baharini.