Mpagazi wa Shaba na Ardhi ya Kericho

Katika barabara ya Kenyatta, jijini Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba, kazi ya James Alexander Stevenson, zilizowekwa katika miaka ya 1920. Mmojawapo wa watu hao watatu ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi.

Sifa hiyo haikutiwa chumvi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na barabara zilikuwa chache. Kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda kichwani mwa binadamu, na majeruhi walirudishwa kwa machela mabegani mwa binadamu. Mwaka 1917 John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Uingereza walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na chakula kisichofaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, liliingia katika Kiswahili likawa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, mahali palipokuwa na kambi zao.

Mtu atokaye Kericho au Bomet kuizuru sanamu hiyo yafaa akumbuke jambo la pili. Mwaka 1919 maafisa wa Kizungu waliojeruhiwa vitani walitengewa eka zipatazo 25,000 huko Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, ili walime kitani. Bei ya kitani ilipoanguka mpango huo ulivunjika. Lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yaliingia, na mashamba yake ndiyo yanayoonekana leo yakitanda kijani kibichi kutoka kilima hadi kilima.

Basi vita vilikuwa vimoja, malipo yakawa mawili. Afisa aliyejeruhiwa alipewa shamba. Mpagazi aliyembeba akapewa sanamu. Hata mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuzifikia jamaa zao.

Maandishi ya sanamu yanaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ajabu ni kwamba hakuna jina hata moja lililoandikwa hapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuadhimishwa kwa majina, au pengine hawakuadhimishwa kabisa.

Shaba imedumu, na chai inachumwa. Kilichopotea ni majina. Na yaliyosalia yamo vinywani mwa koo zao, si katika jiwe.