Simu kwa Wi-Fi

Aina: kirai nomino. Ngeli: I-ZI. Matamshi ya Wi-Fi: waifai.

Maana

Huduma inayoiwezesha simu ya mkononi kupiga na kupokea simu, pamoja na kutuma na kupokea ujumbe mfupi, kwa namba ileile ya laini, ikipitia Wi-Fi iliyounganishwa na intaneti badala ya mnara wa simu.

Mifano: "Chumba cha chini hakifikiwi na mawimbi ya mnara, anayekaa humo hupokea simu kwa Wi-Fi." "Simu ikiwa katika hali ya ndegeni, kisha Wi-Fi ikawashwa, simu kwa Wi-Fi inaweza kuendelea kufanya kazi."

Ufafanuzi

Katika mpango wa kawaida, simu ya mkononi huwasiliana na mnara, na mnara huunganishwa na mitambo ya kampuni ya simu. Katika simu kwa Wi-Fi, sauti hupita kwenye ruta ya nyumbani au ya ofisini, ikaingia katika intaneti, ikafika kwenye lango la kampuni. Kwa kuwa intaneti ni njia ya watu wote, simu na lango hilo hufungua kwanza njia iliyofungwa kwa usimbaji fiche, ambayo wataalamu huiita handaki. Kampuni humtambua mteja kwa laini yake. Ndiyo maana anayepigiwa huona namba ya kawaida na hahitaji kuwa na Wi-Fi wala programu yoyote maalumu. Hapa ndipo huduma hii inapotofautiana na mazungumzo ya WhatsApp, ambayo huwahitaji wote wawili wawe na programu hiyo.

Wazo hili lilitangulia simu za leo. Kanuni zake za kwanza, zilizojulikana kwa kifupi cha UMA, zilitolewa mwaka 2004, na mwaka 2005 zikaingizwa katika viwango vya kimataifa vya simu kwa jina la GAN. Katika mfumo huo kuliwekwa kidhibiti kilichojionyesha kwa mitambo ya kampuni kana kwamba ni kidhibiti cha minara, hivyo mitambo iliyokuwapo haikulazimika kubadilishwa. Kampuni ya Orange ilianza kuuza huduma ya namna hiyo nchini Ufaransa mwaka 2006, na T-Mobile nchini Marekani mwaka 2007. Simu za sasa hutumia mfumo mwingine, uliojengwa pamoja na ule wa kupitisha sauti katika mitandao ya 4G. Katika mfumo huu, mazungumzo yaliyoanza kwa Wi-Fi yanaweza kuhamia kwenye mnara wa 4G bila kukatika, iwapo kampuni imeruhusu; mahali penye 2G au 3G pekee, kwa kawaida hukatika.

Matumizi

1. Simu ya Wi-Fi au simu kwa Wi-Fi? Neno simu hubeba maana mbili: chombo na mazungumzo yapitayo katika chombo hicho. Kwa sababu hiyo "simu ya Wi-Fi" huweza kueleweka kuwa ni aina ya chombo kinachouzwa dukani. Kihusishi kwa, au kupitia, huonyesha njia na kuondoa utata huo. "Kupiga simu kwa Wi-Fi" ni sahihi panapozungumziwa tendo la kupiga, lakini halitoshi kuwa jina la huduma yote, maana huduma inajumuisha kupokea na kutumiana ujumbe. Katika mikataba na maelezo rasmi, "huduma za simu kupitia Wi-Fi" ni pana zaidi na salama zaidi.

2. Mtandao. Neno hili, lenye asili katika kitenzi tandaa, leo hutumika kwa angalau mambo manne: mawimbi ya minara ("hapa hakuna mtandao"), intaneti ("nimeisoma mtandaoni"), kampuni ya simu ("unatumia mtandao gani?") na mfumo wa kompyuta wa ofisi ("rudi kesho, mtandao uko chini"). Katika mazungumzo, muktadha huamua. Katika maelekezo ya huduma hii muktadha hausaidii, kwa kuwa maana tatu za kwanza hukutana katika sentensi moja. Maelekezo "pasipo na mtandao, unganisha mtandao ili upate mtandao" yana sarufi safi na hayamsaidii mtu. Mtafsiri anashauriwa kuzitenganisha: mawimbi ya mnara, intaneti, Wi-Fi, kampuni ya simu. Sentensi hiyo basi itasomeka: "Pasipo na mawimbi ya mnara, unganisha simu na Wi-Fi yenye intaneti ili upate huduma za kampuni yako."

3. Wi-Fi na intaneti. Maneno haya si visawe. Wi-Fi ni kiungo kati ya simu na ruta. Intaneti ni kile kilichoko nyuma ya ruta. Alama ya Wi-Fi inaweza kuonekana kwenye kioo ilhali intaneti imekatika, na hapo simu kwa Wi-Fi haitafanya kazi. Sema "Wi-Fi imeunganishwa, lakini haina intaneti." Wi-Fi ni jina la kibiashara lililobuniwa mwaka 1999. Hufuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI: Wi-Fi hii, Wi-Fi imezimika.

4. Masafa yasiyohitaji leseni. Herufi ya kwanza ya UMA huhusu masafa ambayo mtu yeyote huruhusiwa kuyatumia bila kuomba kibali cha peke yake, kama yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Wi-Fi. Tafsiri "masafa yasiyo na leseni" hupotosha, kwani kwa msomaji wa Kiswahili asiye na leseni ni aliyetakiwa kuwa nayo akaikosa, kama dereva anayesimamishwa barabarani. Andika "masafa yasiyohitaji leseni."

5. Bila mnara si bila malipo. Maelezo ya kibiashara hupenda neno bure. Kampuni nyingi hutoza simu kwa Wi-Fi kama simu ya kawaida, na intaneti yenyewe inalipiwa na mtu fulani. Neno bure litumike pale tu ambapo matini asilia inasema hivyo waziwazi.

6. Anwani ya dharura. Kosa la kutafsiri hapa lina gharama kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Simu ya dharura inayopita kwenye mnara huwapa waokoaji fununu ya mahali alipo mpigaji. Ruta haitoi fununu hiyo kwa uhakika. Kwa hiyo nchini Marekani mteja hutakiwa kuandikisha anwani kabla ya kuwasha huduma, nayo yaweza kutumika kumtafuta anapopiga 911 na kushindwa kujieleza. Sasa, kwa mzungumzaji aliyekulia Tanzania au Kenya, anwani kwa desturi ni ya posta: S.L.P. na jina la mji. Akiombwa "andika anwani yako", aweza kuandika sanduku la barua, na gari la wagonjwa haliendi kwenye sanduku la barua. Nchini Tanzania, istilahi anwani ya makazi imekwisha kuenea kutokana na mfumo wa kitaifa wa anwani za makazi na postikodi, nayo ndiyo ifaayo. Tafsiri inayopendekezwa: "Andika anwani ya makazi: namba ya nyumba, mtaa na mji unapoishi. Msaada wa dharura unaweza kutumwa hapo. Ukihama, ibadilishe."

Kwa walimu

Vipengele vya 2 na 6 hufaa kwa zoezi la darasani. Wanafunzi wapewe maelekezo yenye neno mtandao au anwani peke yake, kila mmoja aeleze kwa maandishi atakachofanya, kisha majibu yalinganishwe. Tofauti za majibu ndizo zitakazoonyesha mahali ambapo neno linadai kivumishi.

Tazama pia: anwani, intaneti, laini, mnara, mtandao, ruta, simu.