Nauli nafuu za Dubai: safari ikivunjika, nani abebe hasara?

Mwezi Machi mwaka 2008 serikali ya Dubai iliunda flydubai, shirika la ndege la nauli nafuu, na tarehe 1 Juni 2009 likaanza safari zake. Mwaka 2014 ndege hizo zilifika Entebbe, Dar es Salaam na Zanzibar, na wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Deira wakapata njia nyingine.

Unafuu wa aina hiyo huja na masharti. Kwa kawaida abiria anayevunja safari mwenyewe hupoteza sehemu kubwa ya nauli, au yote. Shirika likiivunja, abiria hudai fedha zake.

Machi 2020 mambo yalibadilika. Kutokana na virusi vya corona, Umoja wa Falme za Kiarabu ulisimamisha safari za abiria. Mvunjaji sasa alikuwa serikali. Duniani kote mashirika mengi yalitoa vocha badala ya fedha taslimu. Jumuiya ya kimataifa ya usafiri wa anga, IATA, ilikadiria nauli zilizopaswa kurejeshwa kuwa dola bilioni 35, ikaziomba serikali ziruhusu vocha ili mashirika yasifilisike.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini kwa mchuuzi ambaye mtaji wake umo ndani ya tiketi, vocha hainunui unga wala hailipi kodi ya duka.