Askari 18,000, wa mstari wa mbele robo tu

Divisheni ya askari wa miguu ya Uingereza iliyopigana Normandy mwaka 1944 ilikuwa na watu wapatao 18,000. Lakini hebu tuishuke ngazi kwa ngazi. Chini ya meja jenerali kulikuwa na brigedi 3, kila brigedi batalioni 3. Batalioni ilikuwa na watu 800 na ushei, na ndani yake kombania 4 za bunduki, kila moja watu kama 125. Zidisha: hawafiki 4,600. Hao ndio waliotembea hadi kwenye mtaro wa adui.

Waliobaki walihudumia mizinga 72 ya ratili 25, wakategua mabomu, wakatandaza nyaya za simu, wakaendesha malori, wakapika, wakafunga majeraha. Bila mizinga hiyo kombania zisingesogea hata hatua. Ila msiba wa vifo uliwaangukia zaidi wale wachache. Agosti 1944 Uingereza iliishiwa askari wa miguu, ikalazimika kuivunja Divisheni ya 59 nzima ili watu wake wazibe mapengo ya wenzao.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1914 divisheni ilikwenda Ufaransa na batalioni 12 na farasi zaidi ya 5,000. Mapema 1918 zilipunguzwa zikawa 9, kwa sababu vijana walikuwa wamekwisha.

Mpangilio huohuo wa brigedi 3 walivishwa babu zetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943, ilikusanya batalioni za Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Na huko hata waliohesabiwa wa nyuma hawakusalimika. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Regimenti ya 301, kabla hawajaiona Burma. Majina yao yanastahili kufundishwa shuleni kwetu.

Waliofika Burma waliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, malori yakizama topeni, chakula kikidondoshwa kwa ndege. Desemba walivuka mto Chindwin pale Kalewa, na wahandisi wa jeshi wakatandika daraja la Bailey la zaidi ya futi 1,100, refu kuliko yote ya aina hiyo duniani wakati huo.