Chumvi na Chuma: Habari za Wachina wa Kale

Wasomaji wetu, mtu akila chakula kisichotiwa chumvi hujua mara moja ya kuwa kimepungukiwa. Na mkulima akienda shambani bila jembe, safari yake ni bure. Chumvi na chuma ni vitu vidogo machoni pa watu, kwa maana huonekana katika kila nyumba. Walakini katika nchi ya China, zamani za kale, vitu viwili hivi vilileta mabishano makubwa mbele ya wakuu wa dola, nayo mabishano yale yaliandikwa kitabuni, yakahifadhiwa hata leo. Twapenda kuzisimulia habari hizo, kwa kuwa kwa njia hiyo twaweza kuyaona maisha ya watu wa vijijini wa dola ile vizuri kuliko kama tungalisimulia majumba ya wafalme na vita vyao tu.

Sisi tukaao nyanda za juu za Kigoma hatuhitaji kufundishwa thamani ya chumvi. Kusini mwetu, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia katika mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Wataalamu waliochimba huko mwaka 1967 walipata alama za kazi ya chumvi ya tangu yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Wakati wa kiangazi watu walikuja kutoka pande nyingi, Waha na Wanyamwezi na wengineo, wakapiga kambi, wakachemsha maji katika vyungu, kisha wakarudi kwao na mizigo yao. Watemi wa Uvinza walitwaa sehemu yao iliyo haki yao, lakini mtu aliyetoa sehemu hiyo aliweza kuchemsha. Tuyaweke haya moyoni, maana tutayarudia mbele.

Basi tuiendee China. Mwaka 221 kabla ya Kristo (K.K.) mfalme wa Qin alizishinda falme nyingine zote, akaziunganisha kuwa dola moja, akajiita Kaisari wa kwanza. Aliamuru vipimo, mizani na maandishi viwe namna moja katika nchi nzima. Utawala wake ulikuwa mkali mno, na jamaa yake haikudumu. Baada yao ukaja ukoo wa Han, uliotawala tangu mwaka 206 K.K. hata mwaka 220 baada ya Kristo, ingawa ulikatizwa kwa miaka michache katikati. Katika mwaka wa 2 baada ya Kristo maliwali wa Han walihesabu watu, wakapata nyumba milioni 12 na zaidi, na watu zaidi ya milioni 57.

Wachina wenyewe waligawanya watu katika daraja nne. Wa kwanza ni wenye elimu, kwa kuwa hao ndio waliosaidia kutawala. Wa pili ni wakulima, kwa kuwa hao ndio waliolisha wote. Wa tatu ni mafundi wa mikono, na wa mwisho ni wafanya biashara, ambao walidhaniwa kuwa hawazalishi kitu, bali huuza tu jasho la wengine. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa maneno. Kwa kweli mara nyingi mfanya biashara aliyewekwa chini alivaa hariri na kupanda gari la farasi, na mkulima aliyewekwa juu alivaa nguo ya katani na kwenda kwa miguu.

Tutazame maisha ya mkulima huyo. Nyumba yake ilikuwa ya udongo. Upande wa kaskazini alikula nafaka ndogo zinazofanana na ulezi, pamoja na ngano na kunde; upande wa kusini alikula mchele. Mume alilima, mke akasokota nyuzi na kufuma, na watoto walifundishwa kuwatii wazazi kuliko jambo lo lote jingine. Wafu wa ukoo walikumbukwa kwa sadaka, na mtu asiye na mwana wa kumtolea sadaka alihesabiwa kuwa na msiba mkubwa.

Kodi ya shamba haikuwa nzito. Tangu mwaka 156 K.K. ilikuwa sehemu moja katika 30 ya mavuno. Lakini ilikuwako na kodi ya kichwa: kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, tangu umri wa miaka 15 hata 56, alitoa sarafu 120 za shaba kila mwaka, na watoto walitoa kodi yao ndogo. Zaidi ya hayo kila mwanamume alifanya kazi ya serikali mwezi mmoja kwa mwaka, kujenga barabara, kuta na mifereji, tena alitumika askarini. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa katika zamani za Waingereza wangalielewa mara moja mahali palipouma. Shamba halizai sarafu. Ili kupata fedha, mkulima alilazimika kuuza nafaka yake wakati ule ule ambao wenziwe wote wanauza, na bei iko chini.

Katika siku za Kaisari Wen, aliyetawala tangu mwaka 180 hata 157 K.K., waziri mmoja jina lake Chao Cuo alimwandikia bwana wake habari ya jamaa ya watu watano. Katika hao, alisema, wawili wamo katika kazi za serikali. Hulima masika, hupalilia wakati wa jua kali, huvuna, huweka ghalani, hukata kuni, wala hawapati siku ya kupumzika. Ikija gharika au ukame, na kodi ikadaiwa kwa ghafula, mwenye nafaka huiuza nusu ya bei, asiye nayo hukopa na kulipa maradufu. Mwisho huuza shamba, huuza nyumba, huuza hata watoto wake. Maneno hayo hayakutoka kwa adui wa serikali, bali kwa mtumishi wake.

Sasa tuje kwenye chumvi na chuma. Wachina walipata chumvi katika maji ya bahari, katika ziwa la chumvi, na katika visima virefu vya nchi ya Sichuan. Katika makaburi ya huko yameonekana matofali ya zamani za Han yaliyochongwa picha za kazi hiyo: watu wakivuta maji kwa ndoo, maji yakipita katika mifereji ya mianzi hata jikoni, na moto ukiwaka chini ya masufuria. Chuma nacho walikifanya kwa namna yao. Wahunzi wa nchi zetu walipata bonge la chuma katika tanuru, wakaligonga kwa nyundo hata likawa jembe. Wachina walikuwa na matanuru makubwa yenye moto mkali hata chuma kikayeyuka kama maji, wakakimimina katika kalibu. Kwa njia hiyo walifanya majembe mengi kwa siku moja. Lakini chuma cha kumiminwa, kisipotengenezwa kwa uangalifu, huvunjika upesi.

Kwa muda mrefu kazi hizo zilikuwa mikononi mwa watu wenye mali, nao walitajirika sana. Ndipo alipotawala Kaisari Wu, tangu mwaka 141 hata 87 K.K. Huyu alipigana miaka mingi na Waxiongnu, watu wa kuhamahama wafugao farasi, waliokuwa wakiishambulia nchi kutoka kaskazini. Vita vilikula hazina yote. Basi tangu yapata mwaka 119 K.K. Kaisari alichukua chumvi na chuma viwe mali ya serikali. Waliowekwa kuisimamia kazi hiyo walikuwa Dongguo Xianyang, tajiri wa chumvi, na Kong Jin, tajiri wa chuma. Pamoja nao alikuwako Sang Hongyang, mwana wa mfanya biashara wa Luoyang, aliyejua kupiga hesabu kwa kichwa tu. Zikafunguliwa ofisi za chuma zaidi ya 40, na za chumvi zaidi ya 30. Serikali iliwapa wachemshaji masufuria, kisha ikainunua chumvi yao. Mtu aliyechemsha chumvi au kuyeyusha chuma kwa siri alifungwa pingu mguu wa kushoto na kunyang'anywa vyombo vyake.

Hazina ikajaa, askari wakalishwa. Lakini kule vijijini mambo yalikuwa mengine. Kaisari Wu alipokufa, akatawala Kaisari Zhao, naye alikuwa mtoto bado. Mwaka 81 K.K. watu wenye elimu zaidi ya 60 waliitwa kutoka majimboni kuja mji mkuu wa Chang'an, waulizwe ni taabu gani inayowasumbua watu. Wakajibu: ondoeni ofisi za chumvi na chuma. Aliyesimama kuzitetea ni Sang Hongyang mwenyewe, ambaye sasa alikuwa waziri mkubwa.

Wenye elimu walisema hivi. Majembe ya serikali ni makubwa kupita kiasi, tena mabovu, kwa kuwa mafundi hutazama kutimiza hesabu waliyoamriwa, si kazi ya mkulima. Zamani mtu alichagua jembe lililomfaa. Sasa lazima alitwae lililopo. Husafiri mbali kulinunua, akifika humkosa msimamizi, na siku za kulima zinampita. Bei imepanda hata maskini wengine wamerudia kulima kwa miti na kupalilia kwa mikono, wakila chakula kisicho na chumvi. Haifai, walisema, serikali kushindana na raia wake katika kutafuta faida.

Sang Hongyang naye hakukosa maneno. Aliuliza: Askari walio mpakani, wanaolinda mashamba yenu usiku na mchana, watakula nini? Mkiondoa ofisi hizi, kodi itapandishwa wapi ila juu ya mkulima yule yule? Tena chumvi na chuma vikirudi kwa matajiri, wataonea watu wanyonge, nao watakuwa na nguvu hata kuitisha serikali. Watu wake waliwacheka wenye elimu kwa nguo zao duni, wakisema, asiyeweza kuitajirisha nyumba yake ataishaurije dola?

Sisi tukisoma maneno ya pande mbili hizi hatuwezi kusema ya kuwa upande mmoja ulikuwa na wajinga tu. Nchi isiyo na askari huporwa, na askari asiyelishwa hugeuka mporaji. Walakini swali la Sang halikuliondoa lile la wenzake, kwa maana jembe bovu halilimi, hata kama fedha yake imekwenda kulinda mpaka.

Mwisho wake ulikuwa mdogo kuliko kelele zake. Serikali iliacha kuuza pombe peke yake, jambo iliyolianza mwaka 98 K.K., ikazifunga ofisi za chuma za karibu na mji mkuu. Chumvi na chuma vya mahali pengine vilibaki vile vile. Mwaka uliofuata Sang Hongyang alishitakiwa kwa kushiriki katika shauri la kuipindua serikali, akauawa. Mwaka 44 K.K. Kaisari mwingine aliziondoa ofisi zote, lakini baada ya miaka mitatu hazina ikapungua, zikarudishwa. Mtu mmoja jina lake Huan Kuan ndiye aliyeyaandika mabishano yale, nasi twamshukuru, maana bila yeye majembe yale mabovu yangalisahauliwa.

Tulisema tutarudia Uvinza. Wajeremani walipoitawala nchi yetu, chemchemi zile ziliwekwa mikononi mwa kampuni ya Kizungu, na watu ambao babu zao walikuwa wakienda na vyungu vyao wakawa wanunuzi. Huko India nako, mwaka 1930, Gandhi alitembea hata pwani ya Dandi kuokota chumvi mkononi, kwa kuwa sheria ya Waingereza ilimkataza mtu wa kawaida kufanya hivyo. Nchi ni mbalimbali, na karne ni mbalimbali, lakini swali ni lile lile.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama dola ya kale ilikuwa njema au mbaya, asiulize kwanza urefu wa kuta zake wala hesabu ya askari wake. Aulize mkulima alilipataje jembe lake, na mkewe alitia nini chunguni.