Unaujua Ubembe? Siyo Kabila la Kongo!

Mdau, ukisikia ubembe usikimbilie kwa Wabembe wa Kongo. Hiki ni Kiswahili cha kitambo cha pwani, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo: mambo ya kutongozana, kwa madaha, jicho na maneno matamu. Leo pale Mikindani au Mtwara mjini kijana atakwambia anapiga saundi, anamfukuzia mtu, au kaingia inboksi. Ubembe wanaujua mabibi.

Neno lina ndugu zake: kubembeleza, halafu bembe. Bembe ndo tamu sasa! Ni chakula kizuri ambacho mwanamke alimpikia mpenzi wake, hasa mwezi wa Ramadhani.

Hebu cheki hapo. Kutongoza watu wamekuzoea kama kazi ya mwanaume, dada akianza yeye anaitwa kicheche (roho mbaya tu). Kwenye bembe mwenye kuchombeza ni mwanamke, tena kwa mapishi, bila kutamka neno. Futari ikishafika mlangoni imefunikwa kawa, jamaa anauliza nini tena?