Miadi ya Saa Nne Mjini Dorchester

Kabla ya gari la moshi kuenea Uingereza, kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, kwa kuwa jua, lipitalo digrii moja ya falaki kila dakika nne, husimama juu ya London dakika kumi hivi kabla ya kusimama juu ya Bristol. Wala hapana aliyeudhika kwa jambo hilo maadamu safari ilikuwa ya farasi, na mlinzi wa gari la posta alipewa saa iliyotengenezwa makusudi ikimbie au ichelewe kidogo kidogo njiani, hata awasilipo iwe imelingana na saa ya wenyeji.

Gari la moshi halikuweza kustahimili saa nyingi. Mnamo Novemba 1840 kampuni ya Great Western Railway iliamuru stesheni zake zote zifuate saa ya London, na kampuni nyingine zikaiandama, hata mji ukawa na saa yake na stesheni na yake. Watu wa Bristol, wasiotaka kuliacha jua lao wala kuachwa na gari, waliitia saa ya jengo la Exchange akrabu ya pili ya dakika, hivi kwamba mfanyabiashara aliyesimama chini yake aliziona saa mbili katika uso mmoja. Mwaka 1852 kituo cha falaki cha Greenwich kilipoanza kupeleka saa kwa nyaya za simu, baraza la mji huo likakubali saa ya London.

Lakini sheria ilikuwa bado haijasema neno, na hapo ndipo ilipozuka kesi ya Curtis na March. Mnamo Novemba 1858, mjini Dorchester, shauri lilipangwa kusikizwa saa nne za asubuhi; jaji akaketi kwa saa ya mahakamani, iliyofuata Greenwich, na kwa kuwa mdaiwa hakuwapo, akampa mdai haki. Mara akaingia wakili wa mdaiwa, akateta kwamba kwa saa ya mji bado haijatimia saa nne. Shauri likapelekwa London, na majaji wakaamua kuwa saa nne ni saa nne ya mahali pale watu walipoitwa, basi kesi na isikizwe upya.

Nami nashikilia kwamba walihukumu kwa insafu, kwani mtu hafungwi na saa ambayo hakuna sheria iliyomwamuru aifuate. Mswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili: mfungaji wa Kigoma, ambaye jua lake huchwa karibu dakika arobaini baada ya lile la Dar es Salaam, hawezi kufuturu kwa adhana ya pwani.

Bunge la Uingereza liliikata fitina hiyo kwa sheria ya mwaka 1880, iliyoagiza kwamba saa yoyote itajwayo katika sheria au hati ichukuliwe kuwa ya Greenwich. Hata hivyo Ireland iliachiwa saa ya Dublin, iliyokuwa nyuma kwa dakika ishirini na tano, na abiria waliovuka bahari kutoka Holyhead wakawa wakirudisha nyuma akrabu za saa zao kila wafikapo ng'ambo, mpaka Oktoba 1916, Ireland nayo ilipotiwa katika saa ya Greenwich.